Raba za Fundi Cherehani

Njia ya mwongo ni ndefu. Fundi cherehani mmoja aliikimbia mwezi mzima, alfajiri kwa alfajiri, na hakuumia hata kidole.

Ilianzia dukani, Jumamosi, watu wamejaa hadi mlangoni. Alivaa gauni la buluu alilojishonea mwenyewe, refu makusudi, la kufunika miguu. Shuleni walimwita Mtumbwi kwa ukubwa wa nyayo zake, na tangu hapo hakupenda mtu azitazame.

"Nataka raba. Ndiyo kwanza naanza kukimbia. Namba arobaini."

Muuzaji, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, alibonyeza ncha ya kiatu. "Kidole kimegota, dada. Mguu ukikimbia huvimba. Chukua arobaini na mbili."

"Arobaini na mbili anavaa kaka yangu! Nimekuja kununua viatu, si mabeseni!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye macho yakamlowa. Kijana akaliona hilo, akaingia stoo, akarudi na boksi lililoandikwa arobaini. "Jaribu hizi. Ni pana kidogo."

Vidole vikacheza ndani kama watoto uwanjani. "Umeona? Arobaini!"

"Nimeona. Zikikuuma, nipigie."

Jioni akapiga.

"Zinauma?"

"Haziumi."

"Sasa mbona umepiga?"

"Kukuambia haziumi."

Wakawa wanakimbia pamoja, yeye anahema, kijana anamtania, "Taratibu, swala wangu, unaniacha!" huku amepunguza mwendo ili aachwe.

Hadi siku alipozifua zile raba. Alipoinua soli ya ndani, akakuta namba imepigwa mhuri chini yake: arobaini na mbili. Kumbe muda wote alikuwa akichekwa! Simu ikaita mpaka ikachoka, hakupokea.

Kijana akaja mwenyewe kwenye chumba cha ushonaji. Akamkuta fundi, pini mdomoni, anamvisha mteja gauni.

"Shangazi, umepungua! Limekukaa vilevile, sikuongeza kitu."

Shangazi akaondoka akijitazama kwa furaha. Sakafuni zikabaki nyuzi ambazo fundi alizifumua asubuhi, alipolipanua gauni ubavuni. Kijana akaokota moja, akaining'iniza.

"Amepungua, eti?"

"Usinicheke. Ningemwambia kweli, harusini asingekwenda."

"Na mimi ningekubishia, usingekimbia."

Fundi akazitema pini sakafuni. "Yule ni mteja. Mimi ni mpenzi wako. Ulinitazama miguu kila siku, ukanyamaza."

"Niliitazama kwa sababu naipenda. Yote miwili, na ukubwa wake. Nataka nikuoe."

Fundi akageukia ukutani kuficha tabasamu. "Omba msamaha kwanza, ndipo nikujibu."

"Kukuoa naomba, na magoti nitapiga hapahapa, juu ya pini zako. Msamaha siombi."