Mwandiko wa Nyumba ya Mkunazini

Saa kumi na robo alasiri, Ijumaa ya tarehe 12 Machi 1971, barua ya posa ilikuwa juu ya meza ya Bwana Masoud, karani mstaafu wa Mkunazini. Leso iliyoifunga ilikuwa imeshafunguliwa. Mbele yake waliketi Mzee Machano, mfua nazi wa Matemwe, na mwanawe Usi, hamali wa bandarini. Desturi ilimtaka mposaji abaki kwao. Masoud ndiye aliyeagiza Usi aletwe.

"Shemsa!"

"Naam, baba."

Binti akatokea nyuma ya pazia.

"Barua hii umeandika wewe."

"Sikuandika, baba."

"Mwandiko wako nnaujua, mimi ndiye niliyekufunza. Tazama hii g, mkia umekunjwa kulia. Mwanangu kajiposa mwenyewe! Mji mzima utatucheka."

"Bwana Masoud," akasema Machano, "mimi nimetia dole gumba tu. Kaandika mwanangu."

"Hamali huyu? Skuli hajaikanyaga!"

"Nimeikanyaga siku tatu," akajibu Usi. "Ada ikakosekana. Skuli ilipofanywa bure nilikuwa na miaka kumi na mitano, nshaanza kubeba magunia."

"Mwaka juzi kaja katika darasa langu la watu wazima," akasema Shemsa. "Nilikuwa nikiandika ubaoni, yeye anaiga."

Masoud akasukuma karatasi na kalamu.

"Andika hapa, nione."

"Niandike nini, mzee wangu?"

"Andika kwa nini nikupe binti yangu."

Usi alifuta viganja kwenye kanzu. Aliandika polepole, kaibana kalamu kama kulabu ya gunia. Alipomaliza akairudisha karatasi. Masoud akasoma:

"Mimi na Shemsa tumezaliwa mwaka mmoja. Alipokuwa na miaka minne, baba yake alimshika mkono akaandika. Baba yangu hakuwa na cha kunifunza ila kufua nazi. Sasa yeye ni mwalimu, mimi ni hamali. Nampenda. Kusoma sitaacha."

Akairudia. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari lake la ofisini la zamani, akaliweka kando ya karatasi ile. Mkia wa g ulikuwa mmoja: wake, wa bintiye, wa hamali.

"Kumbe mwandiko wa nyumba hii ushafika Matemwe," akasema Machano.

Masoud hakucheka.

"Shemsa, unamtaka?"

"Namtaka, baba."

"Atakulisha nini kwa ujira wa gati?"

"Mshahara ninao. Umenipa wewe, kwa kunikalisha hapa mezani kila jioni. Yeye hakukalishwa na mtu."

Masoud aliitazama meza yake. Kisha akachukua kalamu kwenye mkono wa Usi, akaandika mwishoni mwa barua, chini ya dole gumba la Machano: "Posa imekubaliwa." Akatia saini. Akaifunga barua katika leso ile ile, akamkabidhi Machano kwa mikono miwili.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano.