Kituo Alichokijenga Chiriku

Njia ya sokoni ndiyo iliyokuwa fupi, lakini Chiriku alipotoka shule alipitia ile ya bandarini, kwa sababu babu yake alimtuma. Nyumbani na mtaani kote aliitwa Chiriku, kwani mdomo wake haukujua kupumzika.

Akifika nyumbani aliweka mkoba mlangoni, akaosha miguu, kisha akaingia chumbani kwa babu. Zamani babu aliendesha kreni bandarini, na watu walimwita Mzee Kreni mpaka leo, ingawa macho yake yalikuwa yamezimika kabisa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Macho yangu yamestaafu, ila masikio bado yako kazini. Haya, wamefikia wapi?"

Aliulizia kituo kipya cha kufua umeme kwa gesi. Nyumba za zamani zilizokuwa kando ya bandari zilivunjwa ili kukipisha, na ya babu ilikuwa mojawapo. Bibi alifia katika nyumba ile. Babu na majirani walipohamishiwa mlimani, wengi walinung'unika. Babu hakunung'unika.

"Nyumba ya bibi yako imepisha mwanga," alisema. "Na baba yako atapata kazi hapa hapa, aache kuzurura."

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mgodi wa mbali sana. Mama alifariki Chiriku akiwa bado hajaota meno, kwa hiyo alilelewa na shangazi, dada yake baba. Baba mwenyewe alionekana nyumbani mara moja kwa mwaka, kama mgeni.

Siku moja Chiriku alikuta lango la kituo limefungwa. Wafanyakazi walikuwa wakitoka na mabegi yao, vichwa chini. Msimamizi aliwaambia, "Gesi yenyewe haijulikani itatoka wapi. Wakubwa bado wanazungumza. Nendeni majumbani, mtaitwa."

Njia nzima Chiriku alijiambia kwamba atamweleza babu. Lakini siku hiyo babu alikuwa na homa, na sahani yake ya chakula ilikuwa haijaguswa. Aliposikia hatua za mjukuu wake, uso wake ulikunjuka.

"Wamefikia wapi, mama?"

"Wamesimamisha nguzo nyingine, babu."

Babu akatabasamu, akaomba chakula chake kipashwe moto.

Basi uongo ule, kama mtoto mchanga, ukataka kulishwa kila siku. Nguzo zikapata kuta, na kuta zikapata paa. Baadaye likaja bomba la moshi, refu kuliko kreni zote za bandarini. Shangazi alijua kazi imesimama, lakini hakujua mzee anaambiwa nini. Yeye alirudi kutoka kiwanda cha kugandisha samaki akiwa hoi, mzee ameshalala.

Jioni moja baba akatokea mlangoni na godoro begani, mkononi ameshika sanduku la vifaa vyake. Chiriku alimrukia shingoni.

"Umekuja likizo, baba?"

"Nimerudi moja kwa moja, mwanangu. Babu yako alinipigia simu, akasema bomba limeshasimama na mafundi wataanza kutafutwa. Nimeacha kazi kule."

Usiku huo Chiriku aliacha chakula, akaenda kulala. Shangazi alikuwa zamu ya usiku, na hapakuwa na mwingine wa kusema kweli.

Asubuhi, kwa kuwa haikuwa siku ya shule, baba alivaa ovaroli safi akasema, "Twende, ukanionyeshe lango." Walitembea pamoja. Baba alikuwa akieleza jinsi atakavyotengeneza dirisha la chumba cha babu na kumnunulia Chiriku kitanda chake mwenyewe.

"Leo umemeza ulimi?" baba alimtania.

Walipofika, nyasi zilikuwa zimeota hadi kiunoni. Mlinzi alikuwa akianika shati lake kwenye nondo zilizoshika kutu.

"Namtafuta msimamizi," baba alisema. "Mimi fundi wa kuchomelea."

Mlinzi aliitazama ile ovaroli safi, akashusha sauti. "Pole, ndugu yangu. Hapa nachunga nyasi tu. Hata wezi wameshatukatia tamaa."

Baba aliweka kiganja juu ya nguzo iliyokuwa karibu, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kisha akajitenga, akapiga simu mgodini. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa.

Nyumbani walimkuta shangazi amerudi. Baba aliketi mbele ya babu, akauliza kwa upole, "Mzee wangu, nani alikwambia kituo kimejengwa?"

Kidogo kidogo Chiriku aliona uso wa babu ukibadilika, akajua kwamba ameelewa. "Kosa ni langu," babu alisema hatimaye. "Uzee huu. Nadhani nilisikia vibaya."

Shangazi alishusha pumzi. "Baba, basi kuanzia leo simu nitakaa nayo mimi."

Babu alipapasa chini ya mto, akaitoa simu, akamkabidhi shangazi. Chiriku hakuweza kuvumilia.

"Babu hakusikia vibaya," alisema, machozi yakimtiririka. "Ni mimi. Nilimdanganya kila siku."

Hakuna aliyemchapa. Shangazi alimrudishia mzee simu yake, akamwomba radhi. Baba alitoka nje, akakaa juu ya godoro lake ambalo lilikuwa bado limefungwa kamba.

Baba alizunguka karakana zote za mjini bila mafanikio. Mwishowe rafiki yake wa zamani akamwita kwenye karakana ya kutengeneza meli, mbali kuliko hata ule mgodi. Siku ya kuondoka alimshika Chiriku kichwani. "Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini kusamehe hakunirudishi nyumbani."

Baada ya basi kuondoka, babu aliomba apelekwe kwenye kile kiwanja. Alishika bega la Chiriku, wakaenda polepole.

"Haya, nionyeshe."

Chiriku alisitasita, kisha akaanza. "Kuna nguzo chache zenye kutu, babu. Kuna shimo la msingi limejaa maji. Palipokuwa na nyumba yako pana nyasi tu."

Babu alilia bila sauti, naye Chiriku akalia pamoja naye.

"Niliogopa utaumia, babu."

"Najua, mama. Ulinionea huruma. Lakini kumdanganya kipofu ni kumpofusha mara ya pili. Huzuni hii ningeibeba. Nimeshabeba nzito kuliko hii. Ila mzigo uliofichwa huwezi kuuinamia vizuri, ndiyo maana ukituangukia huvunja mgongo, tena wakati mwingine mgongo wa mtu mwingine kabisa. Ukimpenda mtu, mwambie kweli, kisha kaa naye akilia. Huruma ndiyo hiyo."

Akajifuta uso kwa kiganja, akatafuta tena bega la mjukuu wake, wakageuka kurudi mlimani.