Matawi Kwenye Kona

Kila siku baada ya shule, Gathoni alikuwa na kazi moja asiyoipenda: kutafutia mbuzi malisho. Mbuzi wenyewe hakuwachukia. Walikuwa watatu, na yule mweupe alimwita Daktari kwa sababu ya ndevu zake. Alichochukia ni safari. Kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi zote za karibu, na majani ya nepia yaliyobaki yalikuwa kwenye kishamba chao kando ya mto. Mteremko wa kwenda huko ulikuwa mrefu, na kuupanda ukiwa na mzigo mgongoni ni shughuli nyingine kabisa.

Jumatano hiyo alikuwa na haraka. Rafiki yake Beth alimwambia kwamba wasichana wangecheza mpira wa kati uwanjani, na atakayechelewa hangepewa upande. Gathoni alichukua panga na kamba, akafuata barabara kuu inayotoka Kiganjo kwenda Naro Moru. Alipokaribia kona kali, alisimama. Kando ya lami, yakiwa yamepangwa moja baada ya jingine, palikuwa na matawi mabichi ya mti wa mukima, majani tele.

Kila mtoto wa barabara ile anajua maana ya matawi. Lori likiharibika, utingo hukata matawi na kuyaweka nyuma yake, ili magari yanayokuja yapunguze mwendo. Lakini Gathoni alijua pia kwamba lori likishatengenezwa, madereva wengi hujiendea zao na kuyaacha yakauke papo hapo. Wiki iliyopita tu yaliachwa mengine. “Haya nayo yameachwa,” alijiambia. Angetembea kidogo apite kona, angejua kama ni kweli. Hakutembea. Uvivu haukosi sababu.

Aliyafunga matawi yote, akayabeba mpaka nyumbani na kuwatupia mbuzi. Mama yake, Wangechi, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe.

“Leo mto umehamia karibu?” Wangechi aliuliza.

“Nimepata majani hapo barabarani, Mami,” Gathoni alijibu, mguu mmoja tayari njiani.

Hakuwa amefika mbali aliposikia breki zikilia upande wa kona, kisha kishindo. Watu walitoka mashambani mbio. Wangechi naye aliacha maharagwe yake na kukimbia, Gathoni akimfuata nyuma.

Ng'ambo ya kona lilisimama lori refu lililobeba magunia ya mchele, gurudumu moja la nyuma likiwa limetolewa. Nyuma yake kidogo, pikapu ilikuwa imeingia mtaroni na kulala ubavu. Nyanya zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Dereva wa pikapu, mwanamume aliyeitwa Kingori, alikuwa ameketi kwenye nyasi akishika paji la uso lililokuwa likitoka damu. Alikuwa mzima. Aliona lori ghafla, akakata usukani, na pikapu ikalikosa lori kwa nafasi ndogo sana.

Dereva wa lori, Mzee Theuri, alikuwa na mafuta meusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa akimfokea utingo wake, Fuad, mtu mzima wa kutoka Majengo pale Nyeri.

“Nilikuwa chini ya lori na jeki,” Theuri alisema. “Hiyo pikapu ingeniua. Nilikwambia uweke nini?”

“Matawi. Na wallahi niliweka, mzee. Niliyapanga kule kabla ya kona.”

“Sasa yako wapi? Ama ati yalitembea yenyewe?”

“Sijui. Lakini niliweka.”

“Sikiza, Fuad. Kutoka Mwea mpaka Moyale ni mbali. Nikiwa chini ya gari, macho yangu ni wewe. Siwezi kusafiri na macho yanayonidanganya. Tukifika Nanyuki utashuka. Nitapigia mwenye lori simu atafute mtu mwingine.”

“Mzee, niko na watoto.”

“Hata mimi niko na watoto,” Theuri alisema, akampa kisogo.

Hakuna aliyemwona Gathoni akichukua matawi yale. Angenyamaza, mbuzi wangemaliza majani na habari yote ingeishia tumboni mwao. Fuad angeshuka Nanyuki, naye Gathoni hangemwona tena maishani. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana, na aliogopa mno kusema.

Fuad hakubishana tena. Alichukua panga, akapanda kule kabla ya kona, akaanza kukata matawi mengine, kwa sababu magari yalikuwa bado yanakuja. Alikuwa amefukuzwa kazi na bado alikuwa akiifanya. Hilo ndilo lililomshinda Gathoni. Alivuta leso aliyojifunga mama yake.

“Mami, si yeye. Mimi ndiye niliyeyachukua. Nimewapa mbuzi.”

“Usiniambie mimi,” Wangechi alisema. “Mwambie huyo mzee wa lori.”

Gathoni alimwendea Mzee Theuri, akayarudia maneno yale huku machozi yakimtoka.

“Hukuona lori?” Theuri aliuliza.

“Hapana. Nilifikiri mmeenda. Wengine huondoka wakayaacha.”

Theuri aliwageukia watu. “Hapo ana haki,” alisema. “Hata mimi nimeyaacha mara nyingi. Tumewafunza watoto kwamba matawi ni takataka.” Kisha akamwita Fuad, naye akaja na panga lake mkononi. “Fuad, nimekufokea mbele ya watu, kwa hivyo nakuomba msamaha mbele yao. Moyale tunaenda pamoja. Na tukiondoka hapa, matawi hayo tunayatoa barabarani sisi wenyewe.”

“Sawa, mzee,” Fuad alisema. “Tumalize tairi kabla ukungu haujashuka.”

Wanaume waliifunga pikapu kwa kamba wakaivuta mpaka barabarani. Wangechi aliosha jeraha la Kingori kwa maji safi na kulifunga kitambaa. Gathoni aliokota nyanya, nzima na zilizopondeka, mpaka mgongo ukamuuma. Alipomaliza alimwendea Kingori na kumwomba msamaha.

Kingori alikuwa mpole. “Basi, msichana. Ajali haina kinga.”

Wangechi alitikisa kichwa. “Hii ilikuwa na kinga, ndugu yangu. Imeliwa na mbuzi wangu.”

Kisha akamgeukia Gathoni. “Ungeenda mtoni kama nilivyokutuma, hakuna mtu angetoka damu leo. Ukikuta kitu barabarani, uliza kwanza ni nani amekiweka na ni kwa nini. Umefanya vyema kusema ukweli, na uliogopa, niliona. Lakini siku nyingine, usingoje mpaka mtu mwingine afukuzwe kazi kwa kosa lako.”