Kilio ya Jéthro, Mufu wa Filme

"Mama mukubwa, bwana yangu iko mu nyumba! Acha kuniletea habari ya shimo!" Vile njo Noémie aliniambia, kiisha akafunga mulango. Lakini nilisikia harufu ilitoka mule: bulongo yenye banatoka kuchimba.

Bwana yake ni Jéthro, mutoto wa Mbuyi, muloko wangu, mudogo wangu wa tumbo moja. Citoyen Likoke, soldat ya ku Base, kambi ya basoda, alikuwa na kamera, anafanya mafilme ya woga. Kila filme, mufu ni Jéthro. Bantu banajaa mbele ya drap nyeupe ya kuonyeshea filme, banapiga kelele, banacheka. Lakini ku soko Jéthro akinyanyua mukono aseme jambo, batoto banakimbia. Hata ku kanisa benchi yake inabakia bule, yeye peke yake. "Mama mukubwa," aliniambia, "banapenda mufu. Minyi muzima, hakuna mwenye kunisalimia."

Likoke hakukuwa Muluba kama sisi, hakujua desturi yetu. Siku moja akasema: "Mama Mbuyi, hii filme umulilie kabisa." Muloko wangu akalia kilio ya kweli. Akataja jina ya mutoto, jina ya baba yake, akaita bankambo, babu zetu benye balikufa, moja moja, bamupokee. Kwetu muntu muzima hapana kumulilia vile! Balishusha sanduku mu shimo, yeye mu ndani, kamera ikakwisha, Jéthro akapanda, bote bakapiga mikono. Hakuna aliwaza kurudisha ile maneno, kuambia bankambo ni muchezo tu.

Tangu pale anakatala chakula ya chumvi, sawa vile bafu banakatalaka. Imbwa yake inalalaka inje. Noémie asema: "Sasa iko muzuri. Hanywake pombe, hanipigake, anabakia na minyi." Ndiyo, anabakia! Anatazama kibambazi ya nyumba tu. Ukimuuliza kitu, midomo inafunguka kwanza, sauti inakuya nyuma.

Kilumbu, muganga wetu wa kutazama mambo ya bafu, akasema: "Bankambo balimupokea. Yenye iko mu nyumba ni kitu ingine, ilipanda mu nafasi yake. Mama yake ao bibi yake Noémie amuite ku shimo mara mbili, atarudia."

Tukaenda na Mbuyi ku shimo saa sita ya muchana, jua kali, nimemushika mukono, akaita "Jéthro!", na kule chini, mu majani, kwenye hakuna hata panya, sauti ya mutoto yetu ikaitika pole pole kama muntu mwenye kuamuka, "Mama, njo mumekuya? Huku hakuna muntu," na mbele ya Mbuyi kuita mara ya pili, yule mwingine wa mu nyumba alikuwa amekwisha kusimama nyuma yetu, hatukusikia miguu, akamuwekea Mbuyi mukono ya baridi ku mabega, akasema na sauti ile ile: "Mama, twende ku nyumba."

Kesho yake Mbuyi hakuamuka, alikufa; wa kumuita akabakia Noémie tu.

Minyi ninapitaka ku shimo, ninamusalimia Jéthro. Ananiulizaka: "Noémie alisema nini?" Ninamudanganya: "Anakuya."

Sasa weye, mujukulu, Noémie atakufungulia. Umwambie polepole, yule asisikie. Umwambie ile yenye analala nayo haina jina. Akuye aite bwana yake mara mbili tu, hata kama yule anasimama nyuma yake. Enda, mwana, mbele ya mvua kujaza shimo.