Hina ya Jumamosi

"Hii jina ni ya nani?"

Injinia Okwera aligonga skrini kwa kidole mpaka ikatikisika. Alilelewa kambini, baba yake askari, na akikasirika huacha Kiingereza chote akashika Kiswahili cha askari.

"Ni langu, injinia," Shifa alisema.

"Na nani alikubali boriti itobolewe?"

"Si mimi."

"Kompyuta inasema ni wewe!"

Asubuhi hiyo ya Jumatatu, boriti ya ghorofa ya pili kwenye jengo lao la Kalerwe ilikutwa na ufa unaoingia kidole. Oloo, msimamizi wa mafundi, aliwatoa vibarua mbio, kisha wakaitegemeza kwa magogo. Mungu tu ndiye aliyeokoa watu.

Kampuni yao ilichora na kujenga yenyewe. Kazi ya Shifa ilikuwa kulijenga kila jengo kwenye kompyuta kwanza, bomba kwa bomba, nguzo kwa nguzo, ili makosa yaonekane kabla ya zege kumwagwa. Wiki tatu nyuma aliona bomba la choo linapita katikati ya boriti hiyo, akaandika kwa herufi kubwa: MGONGANO. MSITOBOE. Sasa chini yake palikuwa na maneno mengine: "Umetatuliwa. Toboeni. Shifa."

Alimgeukia Junaid, injinia wa saiti na mchumba wake. Jana tu wazee wa Junaid walileta mahari kwao Kyebando. Nikahi ilikuwa Ijumaa. Kama kuna mtu wa kumtetea, ni huyu.

Junaid akakohoa.

"Injinia, tumsamehe tu. Mambo ya harusi ni mengi, kichwa hakikutulia."

Tumsamehe! Damu ilimpanda Shifa mpaka masikioni. Mtu anakuombea msamaha wa kosa usilolitenda, tena kwa sauti tamu ile ile anayokubembelezea!

"Niliandika saa ngapi?" akauliza.

Okwera akasoma. "Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini mchana."

Shifa akaitazama mikono yake juu ya meza. Hina ilikuwa bado imekolea, kutoka kucha mpaka karibu na kiwiko. Hapo ndipo alipoelewa, na alitamani asingeelewa.

Akampigia dada yake, akaweka simu sauti ya juu wote wasikie.

"Bibi harusi!" Ruqayya akashangilia.

"Dada, Jumamosi saa tisa nilikuwa wapi?"

"Swali gani hilo? Ulikuwa kwangu kwenye mkeka, mikono yote imefungwa hina na nailoni. Hata chai nilikunywesha mimi."

"Na nani alipiga simu yangu?"

"Si ni huyo Junaid wako! Alisema kuna namba zimeingia kwenye simu yako, anazitaka afungue kompyuta achapishe ramani. Nikamsomea zote sita. Kwani hazikufanya kazi?"

"Zimefanya, dada. Zimefanya sana."

Shifa akamsogezea Okwera simu. Ujumbe wa namba: saa tisa na dakika kumi na mbili. Simu ya Junaid: dakika moja baadaye. Neno la siri Junaid alikuwa nalo tayari. Shifa alimpa mwenyewe, na lilikuwa jina lake Junaid na tarehe ya nikahi. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa ameshakishonea kanzu.

"Ni wewe ulitoboa?" Okwera akamuuliza Junaid.

"Injinia, ilikuwa Ijumaa iliyopita, mafundi wa bomba wamekwama, tumechelewa, nikasema watoboe. Ruhusa nikaiandika kesho yake..."

"Toka kwa saiti yangu! Na hiyo maneno utaandika kwa mkono yako, uweke sahihi."

Shifa alipotoka ofisini, Junaid alimkimbilia kwenye ngazi.

"Shifa, bambi, tafadhali nisikilize. Ningefukuzwa, ningekuoaje?"

"Na mimi nikifukuzwa?"

"Wewe ungekaa nyumbani. Ningekulisha."

Shifa alisimama. Alikuwa tayari kusikia uongo, lakini huyu alikuwa anasema kweli.

"Kumbe ulishapanga! Boriti iwaangukie watoto wa watu, mimi nibebe lawama, halafu unipe posho!"

"Punguza sauti, banange, jamani, watu wanasikia."

"Wasikie! Miaka saba nimelijenga jina langu katika kazi hii, wewe umelitumia kama kitambaa cha kufutia viatu! Tena ukaniombea msamaha, mbele ya macho yangu!"

"Nilifanya kwa ajili yetu."

"Yetu na nani? Mimi nilikuwa kwenye mkeka, najipamba kwa ajili yako!"

Alimpita, akashuka.

Nyumbani Ruqayya alilia mpaka kwikwi.

"Nimekuponza kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Hukujua, dada. Hata mimi sikujua."

"Kadi zimeshasambaa. Na mikono imepambwa hivyo, utakwenda nayo wapi?"

"Kazini," Shifa alisema. "Hina itatoka yenyewe. Doa kwenye jina langu lisingetoka."

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Junaid: "Nimeshaandika kila kitu. Okwera amenifukuza. Niambie tu, Ijumaa bado ipo?"

Shifa alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akajibu kwa vidole vyake vyekundu:

"Wazee wangu watarudisha mahari kesho. Neno la siri nimeshabadilisha."