Moto wa Nyuma ya Jenereta

Malalamiko ya kwanza yaliletwa na mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, Jumatatu asubuhi, kabla kiti cha Mama Pacha hakijapata joto. Mama Pacha alikuwa mkutubi wa chuo kikuu, msimamizi wa majarida ya sayansi na uhandisi yanayosomwa mtandaoni. Walimwita hivyo kwa sababu ya mapacha wake wa miaka mitano, wa kike na wa kiume.

"Mama, kila nikitafuta makala napata matokeo matatu tu."

"Umeandika nini?"

"Zege. Nikaandika nyufa za zege. Nikaandika daraja. Kila mara matatu."

"Umebana mno. Ngoja." Mama Pacha akavuta kibodi, akaandika *maji*, neno ambalo lingepaswa kuleta makala maelfu kwa maelfu.

Matokeo: matatu.

Akafungua la kwanza. Ukurasa ulikuwa mtupu, ila chini pembeni kulikuwa na doa la kijivu, kama mtu ameshika karatasi kwa kidole chenye majivu. La pili vilevile. La tatu vilevile, ila kidole kilikuwa kidogo zaidi, cha mtoto wa kubebwa.

Fundi wa kompyuta aliitwa. Akachomoa nyaya, akachomeka, akanywa chai mbili, akapiga simu kwa wanaowauzia huduma. "Wanasema kwao kila kitu kiko shwari," alisema akijikuna kisogo. "Na huku kwetu sioni kibovu. Sasa sijui."

Saa sita na nusu mchana, chumba kimejaa wanafunzi na jua limetanda madirishani, ikaja harufu. Wanafunzi wakainua pua, wakaanza kukagua soketi. Mama Pacha hakukagua chochote. Aliijua ile harufu. Ilikuwa harufu ya gundi ya vitabu inayoungua.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, chumba kile chenye kompyuta arobaini kilikuwa stoo ya majarida ya zamani, yamejalidiwa kwa ngozi na kitambaa, juzuu elfu nne na kitu. Chuo kilipojiunga na majarida ya mtandaoni, mkuu wa maktaba alimwagiza Mama Pacha ayagawe kwa vyuo vya ufundi. Chuo kimoja kikajibu kwamba kingeleta lori mwisho wa mwezi. Lakini uzinduzi wa chumba cha kompyuta ulikuwa Ijumaa ya kabla ya hapo, wageni wameshaalikwa, na stoo bado imefurika. Jumamosi iliyotangulia, alipokuwa peke yake, Mama Pacha aliyabeba kwa toroli hadi nyuma ya jenereta, safari baada ya safari, akayamwagia mafuta ya taa na kuyawasha saa sita na nusu mchana. Kwa mkuu wake akasema yamegawiwa.

Moto ule ulilia. Alijiambia kwamba ni unyevu kwenye karatasi. Lakini sauti ilikuwa nyembamba, ikawa mbili, ikawa tatu, kisha zikazimika moja moja.

Jioni ya Jumatatu ile alipofika nyumbani, mumewe, fundi cherehani aliyeshonea kibarazani, alimpokea mlangoni na futi bado ikining'inia shingoni.

"Watoto wana homa. Imewapanda mchana, wote kwa mpigo. Na wamekataa kulala kitandani."

Aliwakuta jikoni, sakafuni, wamekaa wameegemeana migongo. Mashavu yao yalikuwa moto kama pasi.

"Mama," alinong'ona yule wa kike, "kuna mwanamke anatuhesabu."

"Mwanamke gani, mwanangu?"

"Mrefu. Nywele zake zinatoa moshi. Anasema moja, mbili. Halafu anasema tatu."

"Mbona nyinyi mko wawili?"

Mtoto akainua kidole taratibu, akamwelekezea mama yake tumboni. "Na huyo."

Mama Pacha akalifunika tumbo kwa kanga. Mimba ilikuwa ya wiki tisa. Iliyotangulia ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hii alikuwa hajamwambia mtu, hata mumewe.

Hospitali walipima damu, wakapima mkojo, wakatoa dawa za maji. Homa ilishuka usiku, ikapanda tena kila ilipofika saa sita na nusu mchana. Siku ya nne watoto waliacha kula. Ndipo mfagiaji wa maktaba, akimwona Mama Pacha analia chooni, akamwambia: "Nenda kwa Mzee Gundi. Yule alikuwa haingii stoo ile bila kubisha hodi. Tulikuwa tunamcheka."

Mzee Gundi alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Alifanya kazi pale miaka ishirini na sita, hadi alipostaafishwa kwa sababu hakukuwa tena na cha kujalidi. Vidole vyake vilikuwa vigumu na vya kahawia, kama vilivyochovywa kwenye sukari guru.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa. Majarida yangu yalikwenda wapi?"

"Yaligawiwa, mzee."

"Basi mbona umekuja? Yule mama anayeishi ndani yake angehama nayo. Ana watoto watatu, haachi makao yake. Nenda nyumbani ukapumzike."

Mama Pacha hakuinuka.

"Niliyachoma," alisema, kwa sauti ndogo hata mzee akalazimika kuinama.

Macho yalimjaa mzee machozi, akayafuta kwa mgongo wa mkono. "Wale watoto walikuwa wakicheza na uzi wangu," alisema. "Nilikuwa nawaachia mabaki." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mimi si mganga, mimi ni jirani yake wa zamani tu. Nitakupeleka. Atakuuliza swali moja. Mjibu ukweli, hata kama ukweli wenyewe utakuua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kesho yake Mama Pacha alibandika tangazo mlangoni kwamba chumba kimefungwa kwa matengenezo. Waliingia wawili, mzee akabisha hodi, wakasimama katikati ya kompyuta zilizozimwa. Saa sita na nusu ilipogonga, joto likaanza kupanda kutoka sakafuni, likamshika Mama Pacha visigino, likampanda magotini, harufu ya gundi ikajaa hadi akahisi imemganda kooni, na vioo vyote arobaini, ambavyo havikuwa na umeme, vikaonyesha mtu amesimama nyuma yake, mrefu hata kichwa hakionekani, na hakuthubutu kugeuka, kwa sababu pumzi ilikuwa tayari imemfikia shingoni, kavu, yenye chembechembe za majivu, na sauti ikaja kama ya mwanamke aliyekunywa moshi, ikauliza polepole:

"Nani aliwachoma wanangu?"

Mama Pacha alifungua mdomo akiwa na ukweli ulimini. Akawaona moyoni mapacha wake, sakafuni jikoni. Akalikumbuka tumbo lake.

"Mkuu wa maktaba," alisema. "Aliniagiza yeye. Na kiberiti ni chake."

Joto likatoka kama mtu aliyefungua mlango akaondoka. Vioo vikawa vyeusi. Mzee Gundi alimkazia macho.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimejibu."

Mzee alitoka bila kumsubiri.

Jioni hiyo mapacha waliomba mkate, wakala, wakagombea kikombe. Baba yao alicheka hadi akakaa chini. Mama Pacha naye alicheka, akaenda chooni, akatapika.

Jumatatu, kompyuta zilileta makala maelfu kwa maelfu. Lakini mkuu wa maktaba hakuja kazini. Hakuja Jumanne wala Jumatano. Ijumaa wafanyakazi wakachanga, wakaenda kumpa pole hospitali. Watoto wake watatu walikuwa wamelazwa kwenye vitanda vitatu vilivyopangwa mstari, midomo imepasuka kwa homa. Mdogo kabisa, hata meno hayajatimia, alikuwa akitazama dari na kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Moja. Mbili. Tatu.

Mkuu wa maktaba alikuwa mtu mpole. Mimba ya Mama Pacha ilipoharibika, yeye ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari lake na kukaa naye hadi mumewe alipofika. Sasa alimvuta kando, macho mekundu.

"Nasikia wako walikuwa hivihivi, wakapona. Dada yangu, nisaidie. Mlitumia dawa gani?"

Mama Pacha alitoka wodini akitembea, alipofika ngazini akawa anakimbia.

Hakumwita Mzee Gundi. Jumamosi ilikuwa siku ya maktaba kufungwa, na funguo alikuwa nazo. Saa sita mchana alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, amefumba macho, na joto lilipoanza kupanda hakungoja kuulizwa, alisema yote kwa mkupuo, toroli, mafuta ya taa, lori alilokataa kulisubiri, sauti tatu alizozisikia na kujifanya hakuzisikia, uongo wa kwanza na wa pili na wa tatu, akasema waache watoto wa yule bwana, hana kosa, ni mimi, kiberiti kilikuwa changu, mkono ulikuwa wangu, nichukue mimi, akarudia nichukue mimi hadi sauti ikamkauka.

Kisha pumzi ile shingoni.

"Nilikuwa ndani ya moto. Nilikuona uso. Unadhani nilikuwa sijui?"

"Mbona uliniuliza?"

"Nilitaka nijue una thamani gani. Ukweli wako wa siku ile ungenitosha, ningeondoka na majonzi yangu. Wewe ukanipa watoto wa mwenzio." Sauti ilisogea hadi sikioni. "Wale nitawaacha. Wako pia nitawaacha. Nikikuua utapumzika, na mimi sijapumzika. Wewe utanizalia mmoja wa wanangu."

Kitu cha moto kama kijiko kilichotoka jikoni kikamgusa chini ya kitovu, mara moja tu, kikaingia.

Watoto wa mkuu wa maktaba waliruhusiwa kutoka Jumatatu. Baba yao aliwaletea wafanyakazi keki. Mama Pacha alikwenda kwa Mzee Gundi akiwa na mimba ya miezi minne, tena mitano, tena saba. Mara zote mzee alimtazama tumbo kupitia dirishani na kutikisa kichwa.

"Siwezi kumtoa," alisema mara ya mwisho. "Ameshaambiwa hapo ni kwake."

Mtoto alizaliwa saa sita na nusu mchana, wa kike, mzito, hana kasoro. Hakulia. Mkunga alimpiga kofi la makalio mara mbili, akamgeuza, akacheka kwa wasiwasi. "Huyu kaja kimyakimya," alisema, akampokeza mama yake upesi kuliko ilivyo kawaida, huku akijipuliza viganja.

Baba Pacha aliingia akitokwa na machozi ya furaha. "Mtazame! Kafanana na nani?"

Kichanga kilifumbua macho. Hayakuwa macho ya kichanga, yanayotangatanga na kutafuta mwanga. Yalikwenda moja kwa moja usoni kwa Mama Pacha, yakatulia pale, kama ya mtu mzima aliyefika mwisho wa safari ndefu na kumkuta aliyekuwa akimtafuta.

"Mnyonyeshe," mumewe alisema. "Ana njaa huyo."

Mama Pacha akafungua kifungo cha kwanza, akafungua cha pili.