Saa Nne ya Kamera

Kila asubuhi, saa mbili, Alima na jirani yake Judite walikwenda mtoni kuteka maji na kufua. Mto huo unapita ndani ya msitu, nyuma ya kijiji chao karibu na Quionga, kaskazini mwa Msumbiji. Jioni Alima alisoma darasa la watu wazima. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kila namba aliyoisoma bila kusaidiwa, alimshukuru Mungu.

Mwezi huo Gaspar, mfanyakazi wa kuhifadhi msitu, alifunga kamera kwenye miti ya njia ya mtoni. Mnyama akipita, kamera humpiga picha yenyewe.

"Tunataka kujua wanyama gani wanakunywa hapa, na saa ngapi," alisema.

Baada ya wiki tatu alibandika picha moja ukutani kwa mwenyekiti wa kijiji, akaendelea na safari yake. Watu wakajaa. Picha haikuwa na rangi; ilionyesha tembo wanne kwenye nyasi nyeupe, kana kwamba jua linawaka. Pembeni paliandikwa 04:40.

"Haya, profesora, mwalimu wetu, tusomee," Judite alimtania.

Alima alinyoosha kidole. "Saa nne na dakika arobaini. Jamani! Saa hiyo sisi bado tunafua! Kesho twende mapema, nikishaswali alfajiri."

Kesho yake walishika njia kukiwa bado na giza. Walipokaribia maji, waliona kitu kama ukuta mbele yao. Ukuta ukapiga masikio.

"Alima! Tembo!"

Judite alitupa ndoo. Walikimbia bila kugeuka. Nyuma yao ndoo ilipasuka, paa!

Walipofika uani, Alima alikaa chini akalia. "Mimi ndiye niliyesoma. Ningekuua, shoga yangu. Alhamdulillah, tumepona." Akampa Judite ndoo yake mwenyewe.

Gaspar aliporudi, Alima hakujificha. Alimweleza yote.

"Namba umezisoma sawa, mama," Gaspar alisema. "Lakini kamera huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kama saa ya hospitali. Sisi huanza jua likichomoza. Saa za alfajiri, ongeza sita. Za mchana, ondoa sita."

Alima alihesabu kwa vidole. "Nne na sita... kumi. Kumbe saa kumi alfajiri!"

"Ndiyo. Na picha isiyo na rangi imepigwa gizani. Kamera ina mwanga ambao macho yetu hayauoni. Picha zote za wiki tatu zinaonyesha hivyo: jua likipanda, tembo wameshaondoka. Nendeni saa mbili, wengi, mkiongea. Mkikuta kinyesi kibichi, rudini."

"Basi saa yetu ya zamani ndiyo ilikuwa nzuri!" Judite alicheka. "Ndoo yangu imekufa bure."

Tangu siku hiyo, Gaspar akibandika picha, Alima huandika chini yake saa wanazozijua wote. Akina mama humsikiliza kwanza, ndipo wabebe ndoo. Hawajakutana tena na tembo.

Chini ya picha ile ya kwanza aliandika pole pole, kisha akamsomea Judite: "Tembo wanakunywa saa kumi. Sisi tunateka saa mbili. Asante Mungu kwa maji na kwa uhai."

"Na kwa ndoo uliyonipa," Judite alisema. "Andika."

Alima akaandika.